Utabiri ulisema mvua jua likawaka, ulisema jua dagaa wangu wakalowa. Nieleweshwe

mama_vichanja (Katonga, Kigoma)

Wakuu, habari kutoka mwisho wa reli. Samahani uzi ni mrefu, hasira bado ninazo.

Mimi naanika dagaa hapa Katonga. Nina vichanja vya nyavu, eneo langu lote kwa hatua ni kama mita kumi kwa ishirini. Giza lililopita, yaani zile siku mwezi haupo na mitumbwi inaingia ziwani, niliamua nisibahatishe kama miaka yote, niende kisomi. Jumanne usiku nikasikia redioni mvua na ngurumo Kigoma. Asubuhi mitumbwi ikarudi na dagaa wa kumwaga, bei imeshuka, wenzangu wanagombania mabeseni. Mimi nikakaa. Jua likawaka toka saa mbili mpaka magharibi, mchanga unaunguza nyayo. Jirani yangu alianika mabeseni tisa, jioni anafunga magunia huku anaimba. Aliimba kwa makusudi, namjua.

Alhamisi nikaangalia simu, ile programu ya hali ya hewa aliyoniwekea mwanangu. Ikanionyesha jua na kawingu kamoja. Nikanunua mabeseni kumi na mawili, mengine kwa mkopo. Saa moja na nusu nimemaliza kutandaza. Saa mbili likaja giza kutoka ziwani, upepo wa baridi ukatangulia, ukabeba turubai mpaka kwa huyo huyo jirani, halafu mvua. Dagaa walisombwa vichanjani wakawa wanaelea kwenye mchanga kama wamefufuka. Waliobaki amenunua mtu wa kuku.

Naomba mnieleze: dhoruba hii inatengenezewa wapi, na mbona inakuja asubuhi wakati jua hata halijachoma? Na hao watabiri wanaangalia nini hasa? Sitaki mtu aniambie ni kazi ya Mungu, hilo nalijua.

kijana_wa_gungu

Pole sana mama. Mimi utabiri nausikiliza ili nifanye kinyume chake. Wakisema mvua, nafua.

mpima_mstaafu (Tabora)

Pole binti yangu. Nakuita binti kwa sababu nina wajukuu wanaonyoa ndevu, usikasirike. Nimekuwa mpima hali ya hewa tangu ujana, miaka sita huko kwenu na mingine mingi hapa Tabora ambako ndiko nilikojenga. Sikuwa mtabiri, hilo lieleweke mapema. Mpima ni yule anayetoka na tochi saa tisa usiku kwenda kusoma vipimo. Mtabiri ni yule anayekaa mezani na vipimo vya dunia nzima. Lakini ukipima miaka thelathini na kitu, mawingu mnazoeana.

Nianze na hilo la asubuhi. Huku Tabora mvua ya saa mbili asubuhi inashangaza kidogo. Ardhi inachomwa mchana kutwa, hewa ya chini inapata joto, inakuwa nyepesi, inapanda, na kufika saa tisa au saa kumi jioni wingu limesimama kama kichuguu. Ziwani ni kinyume. Maji ya juu ya Tanganyika yana nyuzi 24 hadi 28 hivi, na hayapoi kwa usiku mmoja kama mchanga wako unavyopoa. Milima ndiyo inayopoa, ya kwenu na ile ya Congo ng'ambo. Hewa iliyopoa ni nzito, inateremka mabondeni kama maji. Ya kwenu inaingia ziwani, ya Congo nayo inaingia ziwani, na ziwa lenyewe upana wake kwa wastani ni kilomita 50 tu, kwa hiyo zinakutana. Zikikutana haziwezi kwenda chini. Zinaisukuma juu ile hewa ya uvuguvugu iliyokuwa imelala juu ya maji, imejaa mvuke. Dhoruba yako inatungwa hapo, saa saba, saa nane usiku, wewe umelala. Alfajiri imeshakomaa, asubuhi inakutembelea. Jua halihitajiki. Jua lilishafanya kazi yake jana na juzi, likaweka akiba majini.

Sasa kwa nini ikishaanza inakuwa kubwa vile. Wewe umepikia mkaa, unajua kuchemsha sufuria ya maji ni jambo moja, kuikausha mpaka chini ni jambo jingine kabisa, mkaa utaongeza mara tatu nne. Moto ule unaoliwa na maji yanapogeuka mvuke haupotei, unasafiri na mvuke. Ukifika juu ukapoa ukarudi kuwa matone, unarudishwa wote. Lita moja ya maji ikitoneka mawinguni inaachia joto la kuchemsha lita saba za maji ya mtungini. Joto hilo linaipasha hewa iliyo jirani, nayo inapanda zaidi, inavuta mvuke mwingine kutoka chini. Wingu linajipikia lenyewe. Ukanda huu wetu linaweza kufika kilomita 15 na zaidi kwenda juu, kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri, mpaka likose pa kupandia litandazike kama fuawe la mhunzi. Ndani vipande vya barafu vinagongana na matone yaliyopoa sana, chaji za umeme zinatengana, ndiyo radi.

Mwisho matone yanakuwa mazito kuliko upepo unaoyabeba. Yanaanguka, yanaburuta hewa, mengine yanakauka njiani na kuipoza zaidi. Hewa hiyo baridi inagonga uso wa ziwa na kusambaa pande zote kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Upepo uliokuchukulia turubai ndio huo. Unakimbia mbele ya mvua, ni barua yake. Siku nyingine ukiupata shingoni usiangalie juu kutafuta wingu, kusanya.

Na wingu moja haliishi sana, nusu saa hadi saa moja hivi, kwa sababu ile hewa baridi inaziba njia iliyokuwa inaleta hewa ya joto. Ila ikikimbia inainua hewa nyingine mbele yake na wingu jipya linazaliwa. Mvua ya saa tatu mfululizo mara nyingi ni mtu, mtoto na mjukuu wake wamepokezana.

Kuhusu tulichokuwa tunapima: kuna kibanda cheupe cha mbao, mbavu zake kama madirisha ya luva ili hewa ipite jua lisiingie. Ndani kuna kipimajoto kikavu, na kingine kimevishwa kitambaa kilicholowa. Hewa ikiwa kavu kitambaa kinakauka upesi na kile kipimajoto kinashuka sana; hewa ikijaa mvuke vyote viwili vinasoma karibu sawa. Kwa tofauti hiyo unajua unyevu. Kisha unainua uso, unagawa anga vipande vinane kwa jicho, unahesabu mawingu yamejaza vingapi. Mvua tunaipima saa tatu asubuhi. Yote unayageuza namba, tarakimu tano tano, halafu unazisoma kwenye redio kolu. Nimewahi kuzisoma mvua ikipiga bati la ofisi, mimi napiga kelele, wa upande wa pili anapiga kelele, mlinzi akaja mbio kujua nani anagombana na nani. Tulikuwa tunabishana kama ni sita au sifuri.

Saa hiyo hiyo ninayosoma mimi, mpima wa India anasoma na wa Brazili anasoma, maana saa zimepangwa dunia nzima kwa saa ya Greenwich. Vituo vingine vinarusha puto lenye vipimo, linakwenda mpaka kilomita 30 hivi juu ndipo linapasuka. Afrika maputo hayo ni machache, na hilo linatugharimu.

Sasa redio yako ya Jumanne. Nikuulize: walisema "mvua Kigoma" au walisema "mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua"? Naweka dau ni la pili, wewe ukasikia neno mvua tu. Maneno yale yana daraja: maeneo machache, baadhi ya maeneo, maeneo mengi. Mkoa wenu unaanzia Kakonko unaishia kusini huko Kalya. Mvua ikipiga Kasulu na Buhigwe, wewe Katonga ukabaki na jua, aliyesema maeneo machache hajakosea.

Na usidharau milimita zinazotajwa. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Eneo lako ni mita za mraba 200. Ikinyesha milimita 30, na kwa dhoruba ya ziwani hiyo si ajabu, umemwagiwa lita 6,000. Madumu 300 ya lita ishirini. Dagaa wangefanya nini kama si kuogelea?

mama_vichanja

Mzee wangu shikamoo. Madumu 300! Ngoja nimwambie jirani, alisema ni kwa sababu vichanja vyangu ni vibovu.

Na ni kweli, sikumbuki kama walisema maeneo gani. Ila swali langu la simu bado.

mwanachuo_buzebazeba

Mzee mpima shikamoo. La simu nijibu mimi, nasoma mambo hayo.

Mama, hiyo programu haina mtu ndani yake. Inachukua majibu ya kompyuta kubwa zinazogawa dunia yote visanduku na kukokotoa kila sanduku litapata joto, upepo na unyevu kiasi gani. Kituo cha Ulaya, ECMWF, ambacho kinasifika sana, kisanduku chake kina upana wa kilomita 9 hivi. Chukua kilomita 9 kuanzia kwako: Katonga imo, sehemu ya mji imo, mlima umo, na ziwa limo. Vyote vinapewa wastani. Na wingu la dhoruba lenyewe mara nyingi ni dogo kuliko sanduku, kwa hiyo kompyuta hailioni, inalikadiria kwa fomula. Mikondo ile ya usiku aliyoeleza mzee, ya kuteremka milimani, inategemea mabonde madogo madogo. Ndiyo maana simu inajua vizuri kwamba wiki hii ni ya mvua, na haijui kama ni saa mbili kwako au saa nne Ujiji.

Jambo la pili. Mwaka 1961 Mmarekani Edward Lorenz alikuwa anarudia hesabu ya hali ya hewa kwenye kompyuta. Badala ya kuingiza 0.506127 akaingiza 0.506, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi hali ya hewa ya kwenye karatasi ilikuwa imeachana kabisa na ile ya kwanza. Sasa fikiria mzee na tochi yake anasoma kipimajoto, na kuanzia Kalemie mpaka katikati ya Congo vituo ni vya kutafuta. Kosa dogo mwanzoni linakua. Kwa hiyo siku hizi hawapigi hesabu mara moja, wanaipiga mara nyingi, wakibadilisha mwanzo kidogo kidogo. ECMWF wanapiga mara 51. Kama 20 kati ya hizo zinatoa mvua, hiyo ni kama asilimia 40. Sasa programu ya simu inatakiwa ichore picha moja, na asilimia 40 haina picha, inachora jua na kawingu. Ibonyeze hiyo picha mama, itafunguka saa kwa saa na asilimia zake. Naapa Alhamisi ile haikuwa sifuri.

Kwa masaa machache mbele kompyuta hizo zinazidiwa na macho, yaani rada na setilaiti. Rada inatuma mawimbi, yanagonga matone, yanarudi. TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wanazo kadhaa nchini, Mwanza ipo na Kigoma ipo. Setilaiti ya Meteosat iliyorushwa Desemba 2022 inapiga picha kila dakika 10 na inahesabu radi pia. Picha za setilaiti zinapatikana bure mtandaoni. Ukiona doa la rangi kali katikati ya ziwa saa kumi alfajiri, hilo ni wingu refu lenye kichwa cha baridi.

Au nunua simu yenye barometa, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa, ukishuka unajua dhoruba inakuja.

mpima_mstaafu

Kijana umeeleza vizuri mpaka sentensi ya mwisho. Barometa ni elimu ya Ulaya. Kule mgandamizo unashuka siku mbili, tatu, na kweli dhoruba inafika. Huku karibu na ikweta sindano inapanda na kushuka mara mbili kwa siku yenyewe tu, juu kabisa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini kabisa kama saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, mvua iwepo isiwepo. Nilipoanza kazi sikulijua hilo. Wiki ya kwanza nilimwambia mkuu wangu wa kituo kuna dhoruba inakuja jioni. Kesho yake nikamwambia tena. Siku ya tatu akaniuliza kama ninayo nyingine ya Jumamosi, ana harusi.

nahodha_kibirizi

Wazee shikamooni, dada pole. Mimi naendesha boti ya abiria Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini, upande wa Gombe na Mwamgongo.

Mzee kaongea yote ila kamsahau kusi. Mnaongea kana kwamba dhoruba ni wingu tu. Kuanzia Mei mpaka Agosti, hata Septemba, anga jeupe kama sahani, hakuna tone, na ziwa limechafuka huwezi kushusha abiria. Upepo unatoka kusini na ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 na kitu, wimbi linatembea kutwa bila kuzuiwa na mtu. Mgeni wa Dar anasimama ufukweni na miwani ya jua ananiuliza kwa nini hatuondoki na hali ya hewa ni nzuri. Kwa hiyo msikilize kipande cha upepo na mawimbi kwenye utabiri, si mvua peke yake. Rangi za TMA nazo zijulikane, njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ya chungwa ikitajwa kwa ziwa letu mimi boti naifunga, abiria anitukane akiwa hai.

Usiku tuna kanuni yetu: umeme unaomulika bila ngurumo hauna neno, ni wa mbali, wa joto tu.

mpima_mstaafu

Nahodha, la kusi umenishika, nakiri. Hiyo ni hewa inayovuma kutoka kusini-mashariki wakati ukanda wa mvua umehamia kaskazini ya ikweta, haina shida na joto la usiku wala nini. Ukanda ukirudi kwetu kuanzia Oktoba, Novemba, na ile hewa yenye unyevu ya misitu ya Congo ikianza kuingia, ndipo haya mawingu ya dada yanaanza, mpaka Aprili huko.

Lakini hiyo kanuni ya umeme naomba uitupe ziwani. Hakuna umeme wa joto. Ngurumo haisikiki ukishapita kilomita 15, 20 hivi, wakati mmuliko usiku unauona hata ukiwa kilomita 100. Kila mmuliko wa kimya ni dhoruba kamili inayomnyeshea mtu mwingine. Swali ni inaelekea wapi. Ukianza kusikia sauti, hesabu sekunde toka mmuliko, kila tatu ni kilomita moja. Ukifika chini ya thelathini uwe nchi kavu ndani ya nyumba, si chini ya mwembe wala ndani ya boti.

nahodha_kibirizi

Sawa mzee. Miaka kumi na minne nimekuwa nawaambia abiria ni joto.

mama_vichanja

Nimewasoma wote. Sasa mimi si msomi wala sina rada. Niambieni: saa kumi alfajiri nimeamka, mitumbwi inarudi karibu na kucha, natakiwa niamue nanunua mabeseni mangapi. Nifanye nini?

mpima_mstaafu

Toka nje. Kabla ya simu, toka nje. Tazama ziwani dakika kumi kamili, usitazame ukapita. Kama kunamulika, angalia kama kunasogea au kunabaki pale pale, na kama nyota za juu yake zinamezwa. Ndipo ufungue simu, ubonyeze kama kijana alivyokwambia, usome asilimia ya saa moja mpaka saa tano, saa zako za kuanika. Utabiri wa TMA wa jana jioni ukiwa umesema maeneo mengi, nunua kidogo hata kama nyota zinacheka.

Na mimi nisingenunua yote au kuacha yote. Asilimia 40 maana yake siku kumi za namna hiyo, nne utalowa. Wewe ndiye unayejua ukilowa siku nne, zile sita zinakurudishia au hazikurudishii. Mkopo wa mabeseni siku ya asilimia 40, hapana. Na hilo turubai lifungwe mawe.

kijana_wa_gungu

Na nguo?

mpima_mstaafu

Fua.

mama_vichanja

Mrejesho, wakuu. Giza hili nimejaribu siku tatu.

Ya kwanza kulikuwa shwari, nyota mpaka majini, asilimia 10, nikanunua mabeseni kumi, yakakauka safi mpaka yanalia ukiyashika. Ya pili hakuna mitumbwi iliyoingia. Jana saa kumi alfajiri nikatoka na kanga yangu, nikakaa kwenye ndoo. Kulikuwa kunamulika upande wa kusini, kimya. Nikahesabu nyota tatu juu yake, baada ya muda zikawa mbili, nikasema aha. Simu ikasema 30. Nikachukua mabeseni matano, taslimu, nikatandaza vichanja vya karibu na banda tu. Jirani akanicheka, yeye kajaza.

Saa nne kasoro ukaja ule upepo, ile barua. Baridi mpaka vinyweleo. Nikapiga kelele, mimi na wanangu tukakusanya yote matano, turubai juu, mawe juu yake. Tukakaa tunasubiri. Hakuna hata tone! Jua likatoka tena, nikaanza kuanika upya, jirani anacheka na magunia yake. Mchana akapita dereva wa bodaboda katoka Ujiji kalowa chapachapa, anasema huko barabara imekuwa mto.

Mzee, hayo ndiyo maeneo machache?

mpima_mstaafu

Ndiyo hayo, mama. Ujiji nao leo wanaandika mahali fulani kwamba hawakuambiwa.

mama_vichanja

Ha ha. Nimekuwekea kilo mbili, nakutumia kwa treni. Zipokelewe na nani hapo Tabora?

mpima_mstaafu

Nitakwenda stesheni mwenyewe. Zile za siku ya kwanza tafadhali, si hizi zilizoanikwa mara mbili.